Hadubini ya Madame Ngalula

Mwanangu Ngoie,

Umekwenda Makomeno kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla jua halijapungua, maana yule hamwachii mtu mlango mpaka amemlisha mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima, meza tupu, na kalamu uliyoisahau. Barua hii nitaiweka katikati ya daftari lako jipya. Usiifungue kituoni. Isome treni ikishapita Kambove, ukishampungia mkono baba yako. Ameahidi kutoka kidogo kazini kwake huko asubuhi ile na kusimama kando ya reli na shati lake jekundu ili usimkose.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutomwamini kila anayekuita dada, shangazi yako anakwambia sasa hivi. Sitayarudia.

Nataka kujibu swali lako la juzi. Nilikuwa ninakubishia habari ya tiketi, ninataka uende na lori la Papa Kambale badala ya treni, nawe ukaniuliza kuhusu kituo, "Mama, weye na gare muko na nini?" Mimi nikainuka nikaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Uliona. Hukusema kitu, nami nilikushukuru kimoyomoyo, halafu nikaona aibu kwamba nimekushukuru kwa kuninyamazia.

Nitakuandikia kwa Kiswahili cha vitabu, kile alichonifundisha babu yako katekista, ambacho wewe hukicheka. Cha kwetu nitakiacha vinywani mwa watu niliowasikia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoingia kazini katika ile shule ya sekondari. Sikuwa mwalimu. Nilikuwa msaidizi wa maabara: kuosha vyombo, kubandika majina kwenye chupa, kutafuta vitunguu sokoni siku ya somo. Kampuni ya shaba ilikuwa imeanza kuanguka. Mishahara ilichelewa, kisha ikaacha kuja, na wazazi wakawa wanawalipa walimu kwa unga. Maduka ya mjini yalikuwa yameshaporwa. Lakini ndani ya chumba kile, mwanangu, kila kitu kilikuwa bado mahali pake. Kulikuwa na harufu ya chaki na ya formoli, ile dawa ya kuhifadhia viumbe. Madirisha matatu yalitazama kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Kulikuwa na kabati moja lenye kufuli, na ndani yake hadubini, mikroskope kama tunavyoiita sisi, moja tu iliyobaki kati ya sita.

Ufunguo wa kabati alikuwa nao Madame Ngalula, mwalimu wa biolojia.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kavu na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi hata siku ambazo mtaa mzima haukuwa na umeme. Hakuwa na mume. Aliishi na baba yake, mzee Kabeya, aliyekuwa mtu wa ishara katika reli mpaka alipostaafu. Mzee huyo alikuja kutoka Kasai akiwa kijana, kwa kazi hiyo ya reli. Binti alizaliwa hapa Lubumbashi, hospitali ileile nilimozaliwa mimi. Kwetu sisi tulikuwa watu wa hapa tangu zamani. Babu yangu alilima mihogo mahali ambapo baadaye palichimbwa shimo. Siku hizo tofauti hiyo haikuwa kitu. Ilikuwa kama kujua kwamba fulani anapenda chumvi.

Siku yangu ya kwanza na hadubini nilivunja kioo. Nilikuwa nimeinama, jicho langu ndani, ninazungusha skurubu kubwa kushusha lenzi, nikitafuta picha, mara nikasikia *kwa*. Lenzi ilikuwa imekipasua kile kibao chembamba kinachobeba kitu unachokitazama, ambacho tunakiita lame. Nilitaka kulia. Tulikuwa na lame kumi na nne tu.

"Béa," akasema Madame, wala hakupaza sauti. "Ukishusha, unaangaliaka pembeni, na jicho ya inje. Ukipandisha, njo unaangalia mu ndani. Haushushake kitu hauone kwenye inafika."

Akanionyesha maana yake: usishushe kitu bila kuona kinapofika. Anza na lenzi ndogo, ile dhaifu, hata kama una haraka. Tazama kwa pembeni, ishushe mpaka ikaribie. Kisha weka jicho, na upandishe polepole, mpaka picha ije yenyewe. Ikija, ndipo uifanye iwe wazi kwa skurubu ndogo. Ukitaka kuona zaidi, kiweke kwanza katikati kile unachokitafuta, ndipo ubadilishe lenzi, maana lenzi kubwa inaona padogo, na ambacho hakiko katikati kitapotea. Utafundishwa haya yote tena huko uendako, na watakuandikia ubaoni. Mimi nilifundishwa na mkono wake uliokuwa juu ya mkono wangu.

Umeme haukuwepo, kwa hiyo tulitumia kile kioo cha chini kuokota mwanga wa dirishani. Alinionya nisikielekeze kamwe kwenye jua lenyewe, kwa sababu jicho huungua kabla hujajua. Tulielekeza kwenye weupe wa anga. Asubuhi za masika, mawingu yakiwa meupe, mwanga ulikuwa mzuri kuliko taa yoyote niliyowahi kutumia baadaye.

Tulitazama ngozi ya kitunguu, ile nyembamba ya ndani, unayoivua kwa kucha. Tone la iodini ya kidonda juu yake, kioo kifuniko kishushwe kwa upande ili hewa itoke. Seli zikatokea, zimepangana kama matofali, kila moja na ukuta wake, na ndani ya kila moja kiini, doa la kahawia lililosogea pembeni. Mimi nilichora haraka. Nilichora moja nzuri sana, ya mviringo, yenye ukingo mweusi mnene. Niliipenda. Nikampelekea.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Hii haiko cellule, mama. Hii iko hewa. Kila mutu anaanzaka na kupenda hewa, juu iko na mupaka muzuri."

Ilikuwa povu la hewa, mwanangu. Kitu chenye mpaka mkali kuliko vyote katika picha ile kilikuwa hakina kitu ndani.

Siku nyingine alichana mchoro wangu. Nilikuwa nimechora seli ya shavu langu mwenyewe, iliyokwanguliwa kwa kijiti na kutiwa rangi ya buluu, nami nikaiongezea vitu vilivyo kitabuni ambavyo hadubini ile haikuwa na nguvu ya kuvionyesha. "Uliona hii?" akauliza. Nikasema imo kitabuni. "Sikukuuliza kitabu. Uliona?" Nikasema hapana. Akachana. Akanipa karatasi nyingine, na karatasi zilikuwa haba.

Lakini siku ninayoikumbuka nikiwa peke yangu ni ile ya jani la majini. Tulikuwa tumeyatoa magugu kwenye mtaro wa njia ya Kasapa. Akaweka jani moja, akarekebisha, akanipisha. Nikaona vyumba vya seli vya kijani kibichi, na ndani ya kila chumba punje za kijani zikifuatana ukutani, zikizunguka, zikizunguka, kama watu wanaokwenda kazini. Nikapiga kelele.

"Madame, zinatembea!"

"Zinatembeaka siku yote, Béa. Ni weye njo ulikuwa haujafika."

Nilikuwa na furaha ambayo sikuipata tena mpaka siku ulipowekwa kifuani pangu. Kila Jumamosi baada ya hapo nilikwenda kwao, na mzee Kabeya alinifundisha lugha ya taa za reli, na tulikula bidia, ugali wao, na majani ya mihogo, na Madame alinisomesha kwa ajili ya mtihani wa kuwa mwalimu. Hakunidai chochote.

Sasa nifike pale.

Ile miaka ya fujo haikuja siku moja. Ilianza redioni na kwenye mikutano. Watu wakaambiwa kwamba njaa yao ina jina, na jina lenyewe ni jirani yao. Watu wa Kasai wakaanza kuitwa wakuja, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Kazini wakafukuzwa, majumbani wakatolewa, vitanda vyao vikatupwa njiani. Wengine kati yetu waliwaficha watu. Nataka ulijue hilo. Iliwezekana kuwaficha.

Asubuhi moja mkuu wa shule akaniita ofisini. Walikuwamo wanaume wawili nisiowajua, wamekaa bila kuvua kofia. Mbele yao karatasi nyeupe.

"Béatrice," mkuu akasema, "weye uko na mwandiko muzuri. Andika hapa majina ya balimu benye kutoka kule, na kwenye banaikala."

"Kule wapi, Monsieur le Préfet?"

"Unajua kule wapi."

Nilikaa. Niliandika sita bila kusimama. Nilikuwa nawafahamu wote. Jina la saba kalamu ikasimama.

"Madame Ngalula alizaliwa hapa," nikasema.

Mmoja wa wale wanaume akatabasamu, akaniuliza kwa upole kama mtu anayemsaidia mtoto hesabu: "Na baba yake alizaliwa wapi?"

Niliandika. Niliandika na mtaa, na rangi ya mlango.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba niliogopa. Ni kweli niliogopa. Lakini Madame alinifundisha kuchora nilichokiona, basi nikuchoree chote. Katika ule muda kalamu iliposimama, nilifikiria ufunguo wa kabati. Nilifikiria kwamba akiondoka, mwenye kujua hadubini shuleni nitakuwa mimi tu. Wazo hilo lilipita upesi sana. Lilipita, lakini nililiona. Hakuna aliyeniwekea.

Siku tatu baadaye nyumba yao ilikuwa wazi na imeondolewa hata fremu za madirisha. Mkuu akanipa ufunguo.

Walikuwa wamekwenda kituoni, kama wengine maelfu, kungoja treni ya kuwapeleka Kasai. Treni hazikuja. Ungoje wiki, ungoje mbili, tatu. Nami sikwenda. Nilikuwa napita mbali, nyuma ya soko, nisione. Kisha mwanafunzi mmoja wa kike akaniambia amemwona Madame pale, na kwamba watu wanaugua. Nikachukua unga na ndagala, dagaa wetu, nikaenda.

Sijui nikuelezee vipi. Unakijua kituo kile kikiwa tupu, na mbuzi wawili. Siku hizo usingeweza kuweka mguu. Kulikuwa na mashuka yaliyofungwa kwa kamba, vitanda vya chuma, kuku, cherehani, picha za harusi zenye vioo vilivyovunjika, watoto juu ya magunia. Na harufu. Nikamkuta ameketi juu ya sanduku la bati, blauzi yake imekuwa rangi ya vumbi, baba yake amelala miguuni pake. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya salamu. Hakuyangoja.

"Béa. Mikroskope iko wapi?"

"Iko mu kabati."

"Na ufunguo?"

Nikautua unga chini. Akanitazama kidogo. "Bon. Uko nayo weye. Leta mikroskope. Huyu mama anapatia kila mutu wa homa kinini, na kinini inamalizika. Hatujue nani iko na malaria na nani hana."

Huyu mama alikuwa muuguzi mmoja mnene, mwenye hema na meza, aliyekuja kusaidia kwa hiari yake. Alikuwa na rangi ya kutia kwenye damu, chupa ndogo ya mafuta ya lenzi kubwa, na sindano. Hakuwa na cha kutazamia.

Kwa hiyo niliiba, Ngoie. Niliitoa hadubini ya shule, nikaifunga kwenye kitenge, nikaiweka ndani ya kikapu, nikaifunika matembele. Njiani kulikuwa na kizuizi cha vijana wenye marungu. Mmoja akaniuliza nimebeba nini. Nikasema mboga. Akatia mkono, akagusa chuma.

"Na hii?"

"Kichwa ya mashini ya kushona."

"Unaipeleka kwa bale ba gare?"

"Naenda kuiuzisha kwa bale. Bataacha yote tu, si unaona?"

Wakacheka. Walinipisha kwa sababu nilisema kama wao. Kicheko kile kilinisindikiza mpaka kituoni.

Tulifanya kazi siku kumi na moja. Tuliweka mlango wa mtu juu ya makreti, ukawa meza. Mimi nilichoma kidole, nikatandaza tone la damu, nikatia rangi, nikaosha, nikaanika. Yeye alisoma, kioo kikiokota mwanga kwenye shuka jeupe tulilolitundika, maana anga lilikuwa limejaa moshi wa mioto ya kupikia. Halafu akanifundisha mimi kusoma. Seli nyekundu za damu hazina kiini, ni kama sahani zilizobonyea katikati. Na mahali ambapo hapapaswi kuwa na kitu unaona kipete kidogo cha buluu chenye nukta nyekundu, kama pete yenye kijiwe. Ndiyo malaria, imekaa ndani ya seli ya mwenyewe, inakula.

"Kusema iko, unaona moya tu, inatosha," aliniambia. "Lakini kusema hakuna, unaangalia mashamba mia. Mia, Béa. Hata kama mugongo inauma." Shamba ni ule mduara unaouona kwa mara moja, unasogeza lame, unapata mwingine.

Siku ya nne nilichoka. Mama mmoja mwenye mimba alikuwa anatetemeka, nikatazama kama mashamba ishirini, nikasema hakuna. Madame hakunibishia. Alihamia kwenye kiti changu, akainama, akahesabu kwa midomo. Kwenye la sitini na kitu akanyoosha mkono nyuma bila kuondoa jicho, akanivuta niangalie. Pete ilikuwa pale, ndogo, safi. Yule mama alipewa kinini, akapona, alipanda treni akiwa anatembea kwa miguu yake. Tangu siku ile, kila ninaposikia mtu anasema haraka, "hakuna", iwe ni habari ya ugonjwa au ya mtu, mgongo wangu huanza kuuma.

Jioni moja yule muuguzi aliinama kwenye hadubini, akatikisa kichwa, akasema, "Damu iko ileile tu. Balipashwa kuleta bale bantu baone hapa."

Madame alikuwa anafuta lenzi. "Bote banajua, mama," akasema. "Hakuna mutu alifukuzwa juu jirani yake alikosa mikroskope."

Mzee Kabeya hakuwa na malaria. Alikuwa na ugonjwa wa kuhara, kama wengi, na miaka sabini na zaidi, na maji yalikuwa mabaya. Siku zake za mwisho aliuliza kila asubuhi ishara ya reli iko namna gani, nami nilikuwa ninakwenda kuitazama kweli, narudi kumwambia imeshuka, njia imefungwa. Akasema, "Basi tungoje." Alifariki siku ya tisa, mita chache kutoka kwenye reli aliyoitumikia maisha yake yote. Tulimzika na wengine watano.

Kesho yake Madame alirudi mezani. Nilimletea lame ya kwanza, na sikuweza kuiachilia. Nikasema.

"Madame, ile liste ya shule. Ni miye niliandika."

Hakuinua jicho. Alikuwa anarekebisha kioo.

"Jina yangu ilikuwa ku ma-listes mingi," akasema. "Reli balikuwa nayo. Quartier, ku mutaa, balikuwa nayo. Hata bila yako bangekuya tu."

"Lakini ile ya shule ni miye."

Ndipo akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kazi na kwa msiba, na sikuona hasira ndani yake; afadhali ingekuwamo.

"Ndiyo," akasema. "Ile ni yako."

Kisha akanyoosha mkono. "Lete lame."

Nikampa. Tukaendelea mpaka mwanga ukaisha.

Treni ilikuja siku ya kumi na moja, mabehewa ya wazi ya kubebea mawe ya shaba. Watu walipanda kama wanaotoka kwenye maji. Nilimsukumia sanduku lake juu. Nilimwambia achukue na hadubini, Kasai watakuwa na wagonjwa pia. Akakataa kwa kichwa.

"Rudisha mu kabati. Batoto ya hapa biko na haki ya kuona." Na treni ilipoanza kuvuta, akaongeza kwa sauti ya darasani: "Na usibache bashushe na jicho mu ndani!"

Nilirudisha. Hakuna aliyejua kwamba ilitoka. Mwaka uliofuata nilifaulu mtihani, nikapewa darasa lake. Nimefundisha biolojia katika chumba kile mpaka leo, unajua. Unajua wanafunzi wangapi wanaosimama sokoni kunisalimu. Ukungu ulikula zile lenzi hatimaye, tukapata hadubini nyingine, mbovu. Nimekuwa mwalimu mzuri, nadhani. Nilipata nilichokifikiria wakati kalamu iliposimama, na sijawahi kuingia chumba kile asubuhi bila kujua hivyo. Baba yako anajua. Nilimwambia kabla hajanioa, akaondoka, siku mbili baadaye akarudi.

Ulipokuwa unaanza kutambaa, nilimwomba Papa Kambale amtafute Madame. Yeye ni mtu wa Kivu, anapeleka maharage na samaki mpaka Mwene-Ditu huko Kasai, na Wanande wa kwao wana jamaa kila soko. Alichukua safari tatu. Ya tatu akaja akakaa pale kwenye kiti chako, akavua kofia.

"Nilimupata, Mama Ngoie. Anafundisha. Kichwa imekuwa nyeupe. Nilimwambia Mama Ngoie wa Lubumbashi anakusalimia. Akaniuliza, ni nani? Nikasema Béatrice wa laboratoire."

"Akasema nini?"

"Akasema, umuambie nimesikia."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mama. Alinipa maji ya kunywa, akanisindikiza mpaka barabarani."

Nimeligeuza neno hilo miaka mingi. Siku nikiwa na nguvu nimelifanya kuwa msamaha. Siku nyingine nimelifanya kuwa mlango uliofungwa. Sasa nimeacha. Alisema amesikia, nami nimeliacha liwe na ukubwa wake uleule.

Sasa wewe unakwenda Mbujimayi, huko huko Kasai, kujifunza kazi ya maabara. Nilifurahi sana uliponiambia, nikaogopa usiku ule ule. Huko, wewe ndiye utakayeitwa mtu wa kutoka kule. Darasani mwenu watakuwamo watoto ambao mama zao walizaliwa katika mitaa yetu, wanaojua majina ya barabara zetu kwa masimulizi, na babu zao wamezikwa kandokando ya reli hapa bila jina. Siku moja, si ya kwanza, mtakapokuwa mmezoeana, mmoja atakuuliza: wazazi wako walikuwa wapi mwaka ule? Sikutaka swali hilo likukute ukiwa huna kitu mkononi isipokuwa sufuria zangu safi.

Sikutumi kumtafuta Madame Ngalula. Hiyo si kazi ya mtoto, na pengine hayupo tena. Lakini ukikutana naye, au na mtu wake, na ukaulizwa wewe ni nani, usianze kwa kusema mama yangu alikuwa rafiki yako, mwanafunzi wako, mlifanya kazi pamoja kituoni siku kumi na moja. Hayo ni kweli, nami nayapenda kuliko karibu yote niliyowahi kuishi, na ndiyo maana usianze nayo. Sema kwanza: mimi ni mtoto wa Béatrice Mwape, aliyeandika jina lako. Kisha nyamaza, umwache yeye achague kama anataka kusikia mengine.

Nasikia lango. Umerudi mapema kuliko nilivyodhani.

Mama yako,
Béatrice